“Moanin'” ya Bobby Timmons: mwongozo kamili wa kuisikiliza kwa sikio la mwanakwaya

Piano inatoa sentensi moja, peke yake, bila ngoma wala besi. Bendi inaitikia kwa noti mbili. Piano inatoa sentensi ya pili, bendi inaitikia vilevile. Siku nilipousikia muziki huu kwa mara ya kwanza nilikuwa mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya ya kanisa, na sikujua lolote kuhusu jazi ya Marekani. Lakini zile noti mbili nilizijua. Tulikuwa tukiziimba kila Jumapili mwishoni mwa nyimbo za kitabuni: A-mina.

Kibao chenyewe kinaitwa “Moanin'”. Kilitungwa na mpiga piano Bobby Timmons, kikarekodiwa na Art Blakey na kundi lake la Jazz Messengers tarehe 30 Oktoba 1958. Ni mojawapo ya vibao vinavyotajwa kwanza kila watu wanapozungumzia hadibopu, yaani ile jazi ya miaka ya 1950 iliyochukua kasi na ufundi wa bibopu (jazi ya mwendo mkali ya miaka ya 1940) ikairudisha kanisani na kwenye bluzi.

Nimewasikilizisha watu wengi kibao hiki, na karibu wote hupotea mahali pamoja: dakika ya kwanza wanatikisa kichwa kwa furaha, tarumbeta ikianza solo wanashika simu. Hawajui wako wapi ndani ya muziki. Mwongozo huu ni wa kuwatoa hapo. Hauhitaji kujua kusoma noti. Unahitaji dakika kumi zisizo na kelele, na uwezo wa kuhesabu hadi nne.

Hatua ya 1: Weka kando jazi uliyoizoea

Kwetu neno “jazz” liko kwenye majina ya bendi za dansi: Morogoro Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz, na ng'ambo ya ziwa OK Jazz ya Franco. Bendi hizo zilikuwa za magitaa, za kucheza, zenye mashairi. Ukiingia kwenye “Moanin'” ukisubiri mwimbaji aje, utasubiri hadi mwisho, maana hakuna anayeimba. Vyombo ndivyo vinavyosema. Hata hivyo mpangilio wake si mgeni. Katika rumba kuna sehemu ya wimbo, kisha sebene ambapo gitaa linaachiwa uwanja. Hapa pia kuna wimbo mfupi mwanzoni, uwanja unaachwa kwa mmoja mmoja, kisha wimbo unarudi.

Hatua ya 2: Wajue watu watano walio chumbani

Ukijua nani anapiga, utasikia mengi zaidi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu historia ya kibao hiki imo ndani ya watu wenyewe.

Mwenye bendi ni Art Blakey, mpiga ngoma, mzaliwa wa Pittsburgh mwaka 1919. Mwaka 1958 kundi lake lilihitaji damu mpya. Mpiga saksafoni ya tena Benny Golson, aliyeingia mwaka huohuo, alisimulia baadaye kwamba ndiye aliyemshauri Blakey abadilishe wapigaji, akamletea vijana wa mji wake mwenyewe, Philadelphia: Lee Morgan wa tarumbeta, Bobby Timmons wa piano, na Jymie Merritt wa besi kubwa ya kusimama. Kwa hiyo wanne kati ya watano ni wa mji mmoja. Morgan alikuwa na miaka 20 tu. Kumbuka umri huo utakapofika kwenye solo yake.

Timmons alikuwa na miaka 22, mtoto wa nyumba ya mchungaji, aliyelelewa akipiga kinanda kanisani. Golson alieleza kwamba Timmons alikuwa na kipande kifupi cha baa nane (vipimo vinane vya mapigo manne manne) alichokuwa akikipiga kati ya nyimbo, bendi ikijiandaa, kama mtu anayejiimbia jikoni. Golson akamwambia kuwa hicho ni kibao, kinachokosekana ni sehemu ya kati. Timmons alisitasita. Walipokuwa Columbus, jimbo la Ohio, Golson akaitisha mazoezi, akamtaka Timmons akae aandike hiyo sehemu ya kati. Ya kwanza aliyoleta Golson aliikataa, maana haikuwa na roho ya zile baa nane. Timmons akarudi kwenye piano, akatoa nyingine. Usiku uleule waliipiga mbele ya watu, na itikio la ukumbi likamaliza ubishi.

Mimi napenda sana sehemu hiyo ya kisa. Kilichokuja kujulikana dunia nzima kilianza kama kitu ambacho mwenyewe hakukihesabu kuwa wimbo.

Na jina? “Moanin'” ni kugumia, ile sauti ya chini inayotoka kifuani mtu akiwa amebeba jambo zito. Katika makanisa ya Weusi wa kusini mwa Marekani kugumia ni sehemu ya ibada. Mzee wa kanisa anaanzisha mstari wa wimbo wa zamani, waumini wanaupokea polepole, na maneno yakiisha wanaendelea kugumia sauti bila maneno. Anayeijua sauti ya waombaji wa usiku wa mkesha hahitaji maelezo zaidi.

Hatua ya 3: Hakikisha una rekodi yenyewe

Kuna mtego. Mpiga besi Charles Mingus naye ana kibao kinachoitwa “Moanin'”, kilichorekodiwa mwaka 1959, kikianza na saksafoni nzito ya baritoni. Ni kibao kizuri, lakini ni kingine kabisa. Unachokitafuta ni cha Art Blakey, kwenye albamu ya kampuni ya Blue Note, chenye urefu wa dakika tisa na nusu hivi. Albamu ilitoka ikiwa na jina la bendi tu. Kibao hiki kilipopendwa ndipo watu na kampuni wakaanza kuiita “Moanin'”. Baadhi ya matoleo ya CD yanatanguliza sekunde chache za wapigaji wakijinyoosha na kuzungumza studio. Ukisikia watu wanaongea, hujakosea, ruka kwenda kipande kinachofuata.

Sikiliza kwa visikilizi vya masikioni au spika yenye besi. Spika ya simu inammeza Jymie Merritt mzima, na ukimkosa yeye umekosa sakafu.

Studio yenyewe ilikuwa sebule. Fundi mitambo Rudy Van Gelder alikuwa mtaalamu wa macho mchana, na jioni alirekodi wanamuziki katika nyumba ya wazazi wake huko Hackensack, New Jersey. Ule ukaribu unaousikia, kana kwamba piano iko upande wa pili wa meza yako, unatoka humo.

Hatua ya 4: Hesabu Amina

Hii ndiyo hatua ya msingi. Usiivuke mpaka uiweze.

Anza rekodi. Piano inaita, wengine wanaitikia noti mbili. Kila itikio likija, kunja kidole kimoja. Baada ya Amina nne utasikia mabadiliko: sasa wito unachukuliwa na tarumbeta na saksafoni kwa pamoja, na piano, ambayo dakika ile ile ilikuwa ikiita, imehamia upande wa waitikiaji. Hesabu Amina nne nyingine. Mwimbishaji amebadilika lakini wimbo ni uleule.

Kisha Amina zinakoma. Bendi inaingia kwenye mwendo wa mfululizo, besi inatembea, vipulizo vinaimba mstari mwingine. Hiyo ndiyo sehemu ya kati aliyoilazimisha Golson. Ikiisha, wito na itikio vinarudi, Amina nne za mwisho.

Nne, nne, katikati bila Amina, nne. Kila fungu ni baa nane, na kila baa ina mapigo manne. Jumla ni baa 32. Mzunguko huo mmoja mzima nitauita duru. Kwa mwendo wa rekodi hii, duru moja huchukua karibu dakika moja, jambo ambalo litakusaidia sana baadaye.

Kwa wale wa solfa: ikiwa do ni F, itikio ni akodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya fa inayoshuka kwenye akodi ya do. Mwombe mpiga kinanda wa kwaya yako akupigie “Amina” ya mwisho wa wimbo, kisha ucheze rekodi. Ni mwondoko uleule. Tofauti iko kwenye wito. Wito umejaa noti za bluzi, zile zinazoegemea huzuni, na unazunguka mahali padogo, kama mtu anayerudia shida yake kwa maneno machache. Itikio halibishani naye wala halimpi ushauri. Linakubali tu. Mwimbaji Jon Hendricks alipokuja kukiandikia kibao hiki maneno, na kundi lake la Lambert, Hendricks & Ross likakirekodi mwaka 1959, aliweka malalamiko kwenye wito, na kwenye itikio akaweka kauli ya kumwitikia Bwana. Hakuongeza kitu ambacho vyombo havikuwa vimekwisha kukisema.

Jambo moja zaidi, na ni la maana kuliko yote: sikiliza kimya. Katika fungu la kwanza, piano inapoita, ngoma na besi haziendelezi mdundo. Zinasubiri. Mapigo yapo kichwani mwako tu. Ile nafasi tupu ndiyo inayofanya Amina iwe nzito inaposhuka. Msimulizi wa hadithi akiita “Hadithi, hadithi!” naye hunyamaza kidogo, na watoto wote wanajua kuwa kimya kile ni chao.

Rudia dakika hii ya kwanza mara tatu. Mara ya kwanza hesabu. Mara ya pili imba Amina kwa sauti. Mara ya tatu imba wito, uwaachie wao itikio.

Hatua ya 5: Ielewe sehemu ya kati

Haichukui muda. Baada ya mafungu mawili ya kusimama na kwenda, sehemu ya kati ni kama gari lililotoka kwenye matuta likashika lami. Akodi zinabadilika, mdundo haukatiki, kisha lami inaisha na tunarudi kwa mhubiri. Weka alama masikioni mwako hapo, kwa sababu ndani ya solo sehemu hii ndiyo nguzo yako. Kila ukiisikia, ujue umevuka nusu ya duru.

Hatua ya 6: Pita kwenye solo ukiwa na saa mkononi

Hapa ndipo watu hupotea. Solo haina mdundo tofauti wala wimbo mwingine: mpigaji anatunga papo hapo juu ya duru ileile ya baa 32. Fungu, fungu, kati, fungu. Amina hazipigwi tena kama mwanzoni, lakini mifupa ya nyumba ni ileile.

Shika ratiba hii ya makadirio. Dakika ya kwanza ni wimbo wenyewe. Lee Morgan anapiga duru mbili, hadi karibu dakika ya tatu. Benny Golson duru mbili, hadi karibu ya tano. Timmons duru mbili, hadi karibu ya saba. Merritt anapata duru moja ya besi. Kisha wimbo unarudi na kumalizika.

Morgan anaingia kwa sentensi fupi za bluzi. Sikiliza anavyozirudia. Anasema jambo, ananyamaza, analisema tena na kulipinda kidogo. Waitikiaji wamenyamaza, kwa hiyo kijana huyu anajiita na kujiitikia mwenyewe. Anakunja noti, anaisukuma kutoka chini mpaka ifike mahali pake, kama mwimbaji wa injili anavyoinyemelea sauti. Duru ya pili anapanda na maneno yanakuwa mengi. Ukiniuliza ni wapi hasa pa kumpenda Lee Morgan, nitakuambia ni dakika hizi mbili, ingawa alirekodi mengi makubwa hadi alipouawa kwa risasi katika klabu ya Slugs' jijini New York mwaka 1972, akiwa na miaka 33.

Golson ana sauti nene, yenye pumzi ndani yake, na noti zake huja kwa mafungu marefu. Kama Morgan ni mhubiri kijana, Golson ni mzee anayefafanua andiko. Usimwendee ukitafuta moto uleule. Msikilize anavyofunga sentensi, maana huyu alikuwa mtunzi, na vibao kadhaa vya albamu hii ni vyake.

Kwa Timmons, sikiliza mikono. Anaanza na mkono wa kulia, noti moja moja, mistari ya bluzi. Kadiri anavyosonga anakazia, mpaka mikono yote miwili inapiga akodi nzima nzima kwa pamoja, kipande kifupi kikirudiwa na kurudiwa. Ndivyo kinanda cha kanisani kinavyofanya mahubiri yakifika kileleni na watu wameanza kusimama. Huyu ndiye mwenye wimbo, na inasikika.

Besi ya Merritt inakuja wakati chumba kimechoka kwa wema. Punguza pumzi, ongeza sauti kidogo. Merritt alikwishafanya kazi na nguli wa bluzi B.B. King kabla ya hapa, na hapotezi bluzi hata anapopiga noti chache.

Mara ya kwanza fuata mpigaji mmoja tu, hesabu duru zake, na zima. Kesho mfuate mwingine. Kibao cha dakika tisa na nusu hakidai kumalizwa kwa mkao mmoja.

Hatua ya 7: Rudia chote ukimsikiliza Blakey peke yake

Sasa sahau vipulizo. Mguu wa kushoto wa Blakey unafunga matoazi mawili ya chini kwenye pigo la pili na la nne, na haukosi. Piga makofi naye. Ukipiga kwenye la kwanza na la tatu, muziki utakuwa gwaride. Kwenye la pili na la nne, utaanza kuyumba bila kukusudia. Waumini wa makanisa ya kiroho wanalijua hili bila kufundishwa.

Mkono wake unaubembeleza mdundo kwa mwendo wa kuchechemea, mrefu-mfupi, mrefu-mfupi, karibu na muziki wa dansi wa mitaa ya Weusi wa enzi hizo. Hii ni sababu moja kubwa ya “Moanin'” kuwakamata hata wasiojua jazi. Kisha kuna ule mvumo wake maarufu, vijiti viwili vikikandamizwa kwenye ngoma ndogo mpaka sauti inafura kama mvua inayokaribia kwenye bati. Autumiapo, ujue anamsukuma mtu: duru inaisha, panda, ingia nyingine. Blakey aliongoza bendi kwa namna hiyo. Kumbe yule mwitikiaji mkuu aliyekuwa akisema Amina mwanzoni hakunyamaza kamwe wakati wa solo. Alihamia kwenye ngoma.

Hatua ya 8: Kipige, hata kama bendi yako ni ndogo

Huhitaji saksafoni. Nimewahi kuliona kundi la vijana wa kwaya likifanya wito kwa kinanda na itikio kwa sauti za watu, na lilikaa vizuri mno. Makosa niliyoyaona ni mawili.

La kwanza ni haraka. Kikikimbizwa, kile kimya kinakufa. Mwendo uwe mapigo 120 hadi 125 kwa dakika. Weka metronomu (kifaa kinachogonga mapigo) kwenye nusu yake, 60 hadi 62, ili igonge kwenye pigo la pili na la nne tu, ndipo mtajua nani anakimbia. La pili ni kulipamba itikio. Kila mwanakwaya anataka kuongeza sauti yake tamu. Acheni. Noti mbili, zote zikae pamoja, ya kwanza isichelewe na ya pili isiburutwe.

Kwenye solo, wapigaji wengi huzungusha akodi nne katika mafungu ya wito: Fm, A♭7, G7, C7, kila akodi mapigo mawili, halafu mwanzo tena. Anayeanza kujifunza abaki na noti za bluzi za F na asiogope kurudia. Ampe kila msikilizaji nafasi ya kuitikia moyoni kabla ya sentensi inayofuata. Mwenye tarumbeta ya B-flati aisome kwenye G minor.

Ukishakizoea, tafuta rekodi ya bendi hii hii ikiwa jukwaani Olympia, Paris, Novemba 1958, wiki chache tu baada ya studio. Wapigaji ni walewale, kibao ni kilekile, lakini sasa kuna ukumbi uliojaa watu wa Ufaransa. Kaa na vidole vyako tayari: Amina nne, Amina nne.